Kifua Kilichotazama Nyumbani

Lusahunga, Biharamulo
5 Machi 2024

Mke wangu mzee, Bibi Magdalena,

Shikamoo. Najua umeshaanza kucheka, na mimi ndivyo ninavyotaka. Huku wasichana wanalia kwa ajili ya mumeo, lakini nimewaambia nina mke Kibimba, meno yake yamebaki machache ila wivu wake una meno yote.

Nakuandikia maana simu mimi na wewe tulishaachana nayo. Mara ya mwisho nilikuuliza umeamkaje, ukanijibu maharage yameiva. Basi barua hii atakuletea Gaudence, konda wa basi dogo la Ngara. Mwambie anapita nayo tu, si ya kwake kusoma.

Sasa weka jembe chini ukae. Mumeo amechaguliwa. Katika vijana wote wa kisukari wanaochukua dawa kliniki ya Biharamulo, madaktari wa utafiti walipita na macho yao wee, yakatua kwangu. Kwa nini? Sista Priscila, nesi wa kliniki, anasema ni kwa sababu nilikuwa wa kwanza kwenye benchi. Mimi nasema ni sura.

Nimepewa kamera, Bibi. Si ya kushika mkononi kama ya mpiga picha wa kipaimara. Haka ni kadogo kama kiberiti, kanabanwa hapa kwenye shati, kifuani katikati. Kanapiga picha kenyewe, tena na tena, kutwa nzima, bila mtu kukabonyeza. Madaktari wanataka kujua sisi wagonjwa tunaishije tukishatoka kliniki. Tunakula nini, tunachomea sindano wapi, dawa tunaiweka wapi. Wanasema tukiulizwa kwa mdomo tunadanganya. Nikawaambia wanionyeshe huyo anayedanganya.

Masharti yapo. Chooni nakafunika, kana kifuniko chake. Nikikutana na mtu yeyote lazima nimweleze, ndugu, hii ni kamera ya utafiti wa hospitali, hutaki nafunika. Nikishavaa mpaka Pasaka iishe narudisha, nakaa na Sista tunatazama picha zote, na ile nisiyoitaka nina ruhusa kuifuta kabla wakubwa hawajaiona. Unaona heshima hiyo? Mimi niliyeishia kidato cha pili nawafutia madaktari kazi yao.

Kuhusu upweke usinitie kwenye rozari. Huku siko peke yangu hata kidogo. Naosha malori ya Kigali na Bujumbura, nina jina barabara yote. Mchana tunakula sinia moja na akina Bulugu, waosha malori wenzangu, tunachekana mpaka watu wanageuka. Na Limi, msichana anayeuza chakula hapa yanapolala malori, ananipakulia kabla sijafungua mdomo. Jiandae kupata mke mwenzio.

Msalimie Baba mdogo Juvenali. Mwambie yule aliyemwita mzigo wa kulishwa, akamtoa chumbani kwake ili aingie yeye na mkewe na watoto, sasa anapigwa picha na madaktari. Nilisema sirudi kukaa hapo mpaka nije na mabati ya nyumba yangu, na mwaka wa nne huu neno langu bado nimelishika.

Ni mimi mumeo,
Gidioni, mpiga picha wa madaktari


Kibimba, Ngara
11 Machi 2024

Mume wangu Gidioni,

Marahaba. Mkono wangu ni wa darasa la watu wazima, usome polepole kama unachambua maharage.

Habari ya kamera nimeisoma jikoni, nikaisoma tena nje kwenye mwanga nione kama haibadiliki. Wewe unasema sura. Sura hiyo niliiogesha mimi, naijua ilivyo. Lakini nimefurahi, na nitakuambia kwa nini.

Tangu uondoke nilikuwa na kitu hapa kifuani. Nilikuwa nakuona umeanguka kama siku ile kwenye migomba, ulipochoma sindano ukasahau kula, nikakukuta unatetemeka macho yamegeuka. Nilikutia juisi ya ndizi mdomoni kidogo kidogo ukarudi. Nikawa nasema moyoni, huko barabarani nani ana juisi, na nani anajua kuwa yule kijana hajalewa, ni sukari imeshuka?

Sasa nimetulia. Madaktari wanakuona wakati wote. Ukianguka leo, daktari anaacha chai yake anakuja mbio. Wamefanya jambo la akili sana hao watu. Tangu barua yako ifike nalala kama mtoto.

Tena hebu ishike barua hii mbele ya kifua chako wasome. Madaktari, mimi ni Magdalena, bibi yake. Huyu anapenda soda na uongo. Soda mkatazeni, uongo mtauzoea. Baba yake yuko huko juu kwa Mungu na mama yake yuko huko huko, kwa hiyo ninyi ndio macho yangu. Asanteni.

Hapa kwetu tumejaa. Juvenali yuko, anakuulizia. Watoto wake wanapiga kelele mpaka kichwa kinauma, sina hata nafasi ya kujisikia mzee. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Chungu cha dawa bado unakiloanisha? Mchanga ulio kati ya vyungu viwili ukikauka, dawa inapata joto inaharibika. Asubuhi maji, jioni maji.

Mkeo,
Magdalena


Lusahunga
15 Machi 2024

Mke wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeishika kifuani kama ulivyoagiza, pale pale kwenye kituo cha mafuta, nimesimama wima kama mtoto wa kwaya. Watu wamepita wakanitazama, wacha watazame. Madaktari wamekusoma. Walale wapi sasa, wameshaonywa na wewe.

Na ndiyo, wananiona muda wote. Wewe lala.

Chungu kinaloana asubuhi na jioni. Kile cha ndani umekifinyanga vizuri mpaka Sista Priscila ameuliza nani fundi. Nikamwambia mke wangu. Akaangalia umri kwenye kadi yangu, akaniangalia tena.

Heshima niliyopata kwa kamera hii, ungekuwepo ungeshika kiuno. Mzee Shibuda, Msukuma mwenye pampu ya maji, bosi wetu wa kuosha malori, kanitoa kundini. Kanipa sehemu yangu mwenyewe, kule mwisho kabisa kwenye mikaratusi. Akasema, "Wewe na jicho lako mkae kule." Cheo hicho, Bibi. Wenzangu wote wanabanana pampuni, mimi nina uwanja mzima na miti yake.

Madereva nao adabu imewaingia. Jana mmoja alishuka, akaona kifua changu, akavua kofia. "Afisa," akaniita, "wewe ni wa ushuru au wa uhamiaji?" Nikamwambia mimi ni wa sukari. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akapanda lori lake akalipeleka kwa kina Bulugu. Wananiogopa, unaona? Zamani nani aliwahi kuniogopa mimi?

Bulugu na wenzake wameamua niwe nakaa upande ule mwingine wa benchi, ili wasiniharibie picha. Watu wenye kufikiria mbali. Na Limi ana haya sana. Nikimweleza masharti anasema, "Funika kaka, sijasuka." Nafunika. Amesuka, nakwenda tena. "Funika kaka, nimesukwa vibaya." Mwanamke anayejali hivyo namna atakavyoonekana na madaktari wangu, huyo si ana nia?

Kwa hiyo mambo ni mazuri. Kazi imepungua kidogo, ila ni msimu.

Mumeo,
Gidioni


Kibimba
20 Machi 2024

Mume wangu,

Barua yako imefika, na hii nampa Gaudence leo leo. Mvua imepiga huku, maharage ya bondeni yamelala chini. Nimeinua machache. Juvenali atayainua mengine.

Hao wenzako wanaokuhamisha benchi, unawaambia karibu ukiwa unakula? Mtu anayekula lazima aseme karibu, hata kama kilichopo ni kidogo. Wao je, wanakuambia?

Niandikie.

Magdalena


Kibimba
25 Machi 2024

Gidioni,

Gaudence amepita mara mbili mikono mitupu. Nimemwambia labda hukushika kalamu kwa sababu ya kazi. Akaniangalia, akasema, "Labda, Bibi."

Mimi siogopi. Kama ungekuwa na tatizo madaktari wangeliona, na wangetuma mtu. Hakuna mtu aliyekuja. Kwa hiyo hujambo.

Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa matusi.

Bibi yako


Lusahunga
26 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Mstari mmoja huu. Nilikuwa na kazi nyingi.

Niongeze mwingine. Ile Jumamosi baada ya barua yangu nililala kidogo mchana, nikaamka na kichwa kizito, baadaye nikawa sijisikii kuandika. Sasa niko sawa. Usimwambie mtu, maana hakuna cha kumwambia.

Nataka kuja Pasaka. Nalala usiku mmoja tu, narudi. Kamera naja nayo, wanataka kuona wagonjwa tunakula nini sikukuu. Je, Baba mdogo atakuwepo? Akiwepo nitakuja vilevile, nitamsalimia, nitalala jikoni. Nakuja kwa ajili yako. Lakini niambie mapema, nijue nitabeba sura gani.

Gidioni


Kibimba
28 Machi 2024

Mume wangu,

Njoo! Juvenali atakuwa amekwenda Ngara mjini, ana shughuli zake, mkewe ataongozana naye. Mtapishana. Watoto watabaki, watakuchosha. Utalala kwenye kitanda changu, mimi nitalala na watoto, tumezoea.

Nimefunga jogoo mguu. Anajua.

Mkeo,
Magdalena


Lusahunga
3 Aprili 2024

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo, na asante. Yule jogoo alikuwa na nyama ya kiburi, bado iko kwenye meno.

Kumbe hujabadilika. Nilipokueleza masharti ya kamera, ukasema ngoja, ukaingia ndani, ukatoka na kitenge cha sikukuu na rozari shingoni. Nikakuuliza, "Nifunike?" Ukanijibu kwa sauti mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka: "Ufunike nini? Kwani nimeiba?" Halafu ukainama kifuani kwangu ukasubiri kamera ikuamkie. Ilipokaa kimya ukasema, "Haina malezi." Bibi, tangu nivae kitu hiki, wewe ni mtu wa kwanza kukataa kufunikwa.

Watoto wa Baba mdogo wamekua mpaka siwatambui. Wao pia hawanitambui, yule mdogo aliniita mgeni siku nzima. Na wanakula kwa adabu! Watoto wa Juvenali, wenye adabu! Nikajua kweli Mungu yupo.

Naona nyumba imechangamka. Nimerudi moyo mwepesi. Nilikuwa naogopa uko peke yako, sasa najua una watu mpaka wamezidi. Basi mimi naendelea na maisha yangu huku, na mabati yangu.

Kamera narudisha wiki ijayo.

Mumeo,
Gidioni


Lusahunga
17 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua hii ni ndefu, uisomee nje kwenye mwanga.

Nimekwenda kliniki kutazama picha. Chumba kidogo, meza, kompyuta, mimi na Sista Priscila. Nilivaa shati jipya. Nilikaa nimepanua miguu kama mtu aliyekuja kuangalia filamu yake mwenyewe.

Kazi yake Sista ni kuuliza. Kila picha anauliza mambo yale yale: hapa uko wapi, unakula nini, uko na nani. Picha ya kwanza, sahani ya ugali na maharage, mkono wangu, meza. "Hapa ulikula na nani?" Nikasema na Bulugu na wenzake. Akabonyeza. Sahani, mkono, meza. "Na hapa?" Nikasema, "Hapa Bulugu ameinuka kunawa." Akabonyeza tena, na tena. Bibi, Bulugu alinawa siku zote za utafiti.

Sista hakucheka. Ningeomba acheke.

Limi yumo, kabla sijawahi kushusha kifuniko. Yumo mgongo. Mgongo wa kanga ya njano, mgongo wa kanga ya kijani. Leo hii ukinipangia wanawake wa Lusahunga wote wamenipa kisogo, Limi namtoa bila kukosea. Uso wake sijui kama ningeutambua.

Malori yamejaa, matairi yake. Mikaratusi imejaa. Ule uwanja wangu wa cheo, ukiutazama kwenye kompyuta, ni uwanja wa mtu aliyefukuzwa. Na usidhani ni kamera iliyowafukuza. Kamera iliwapa sababu tu. Hata kabla yake, wakiniona na bomba la sindano walikuwa wanasogeza vikombe vyao.

Halafu likaja bati.

Ile Jumamosi niliyokuambia nililala. Asubuhi nilichoma sindano kama kawaida, nikaenda kwa Limi kula. Madereva wawili walikuwa wamekaa. Mmoja akasema, "Huyu akikaa sisi tunaondoka." Nikaonyesha nimefunika. Akasema, "Hata kifuniko kina tundu." Limi aliendelea kukoroga mchuzi, na mimi simlaumu, wale ndio wateja. Lakini unanijua. Ningeweza kuomba anifungie kwenye mfuko nikale chumbani. Badala yake nikasema kwa sauti ya mwenye duka, "Msihangaike, mimi nimeshakula." Nikaondoka mikono mfukoni, nimejaa dawa mwilini bila hata tonge.

Nilifika chumbani, nikafungua kifuniko maana ndiyo sheria, nikajilaza chali. Baada ya hapo mimi sikumbuki. Kamera inakumbuka.

Bati, bati, bati. Kuna tundu la msumari, mwanga wake unaanguka ukutani kama punje ya mahindi. Mwanzoni punje iko kwenye shati lililotundikwa. Sista anabonyeza, punje imeshuka kwenye ndoo. Anabonyeza, imepotea. Anabonyeza sana, imetokea upande wa pili, inaupanda mlango. Na mlango umefungwa kwenye picha zote, Bibi. Nilikuwa namwangalia yule kijana aliyelala nisiyemwona, nikawa namngojea mtu wa kusukuma ule mlango, kama vile sijui mwisho wake. Hakuna aliyesukuma. Mwishoni kabisa nimegeukia ubavu, unaonekana mkono wangu unapapasa chini ya kitanda, unatafuta ile soda uliyowaambia madaktari wanikataze. Ndiyo iliyonirudisha.

Sista akauliza, kwa sauti ndogo, maana lazima aulize, "Hapa uko na nani?"

Sikuwa na Bulugu wa kumweka hapo.

Bibi, madaktari hawakuniona. Hawakuwa wananiona siku yoyote. Picha zinakaa humo humo ndani ya kamera mpaka siku ya kurudisha, na kamera haina mdomo wa kuita mtu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ulipoandika kwamba unalala kama mtoto, nikasema wacha alale.

Sista alifunga kompyuta akatoka. Nikajua kaenda kunisemea. Akarudi na vikombe viwili vya chai isiyo na sukari, akanipa kimoja, akanywa kingine amekaa pale pale na mimi. Kumbuka jina lake kwenye rozari.

Halafu nikamwambia, "Sista, usinihurumie, subiri Pasaka. Utaona kwetu watu walivyojaa." Nikakaa vizuri tena.

Wa kwanza ni wewe, uso mzima, na kitenge. Sista akasema, "Huyu ndiye mke?" Tukacheka kweli. Lakini kamera iko kifuani, inaona mambo ya chini ambayo mimi nilikuwa nayapita juu kwa mdomo. Nyuma ya bega lako kuna mlango wa kile chumba alichonitoa Baba mdogo. Una kufuli. Kufuli lina utando wa buibui, umetanda mpaka kwenye fremu, na umebeba vumbi. Mlango wa watu wanaoingia na kutoka huo? Jikoni kuna kisufuria kimoja kidogo kwenye mafiga, kile cha kuchemshia yai. Sufuria kubwa la jogoo lina alama ya rangi nyekundu, nalijua, ni la Mama Domisiana hapo jirani.

Nikaanza kukumbuka. Uliniandikia kelele za watoto zinakuumiza kichwa. Bibi, wewe radi ikipiga unauliza nani kagonga.

Na ile ya mwisho. Unakumbuka bodaboda ilivyokataa kuwaka? Nilikuwa nimegeuza shingo namcheka dereva wake, Audax, anavyoipiga mateke. Macho yangu yalikuwa kwa Audax. Kifua changu kilikuwa kinatazama nyumbani. Picha: wewe na watoto mlangoni mnanipungia. Picha: watoto wote wanakimbia njia ya kwa Domisiana, kila mmoja na ndizi yake mkononi. Picha: wewe mlangoni. Picha: wewe mlangoni. Picha: umeinama unaokota sahani. Na mimi nilikuwa hapo hapo, bado nacheka.

Sista akauliza nifute zipi. Nilifuta migongo ya Limi, si yangu ile, ni yake. Bati nimeliacha walione. Ile ya mlangoni nikasema msiifute hata siku mkikosa nafasi.

Baba mdogo aliondoka lini?

Mimi nilikuwa sirudi kwa sababu yeye yupo. Mabati sina, na sitakuwa nayo. Mke sina. Nikija nitakuja na sindano, na njaa baada ya sindano. Sista anasema anaweza kunihamishia kliniki ya Ngara. Lakini sitaki kuja kwa kulazimisha. Kama unataka kubaki na nyumba yako ilivyo, sema tu, mimi nitaendelea na maigizo yangu huku.

Nije?

Gidioni


Kibimba
24 Aprili 2024

Mume wangu mwongo,

Marahaba.

Juvenali aliondoka kabla ya Krismasi. Alichukua mkewe na watoto wakaenda Kahama kutafuta dhahabu. Alifunga chumba, akasema atarudia kitanda. Hajarudia. Sijui hata kama wamefika.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utarudi kwa huruma. Nilisema, kijana wa watu ana sinia lake huko, ana rafiki, ana msichana wa kumpakulia, aje akae hapa anitazame ninavyozeeka? Nikakuachia. Kumbe nilikuwa nakuachia Bulugu anayenawa.

Watoto niliwaazima kwa Domisiana. Niliwaambia waniite Bibi kwa nguvu, na yule mdogo nikamwambia akuite kaka, akasahau. Gaudence alijua. Nilimwapisha kwa jina la mama yake. Kumbe na wewe ulimwapisha, amekiri leo hapa mlangoni, anasema mgongo unamuuma kwa kubeba maneno yetu.

Kelele za watoto ni kweli sizisikii. Niliziandika kwa sababu nilizitaka.

Habari ya bati nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nililala usingizi mzuri wakati ule, Gidioni. Usingizi ule sasa naudai, na sijui nimdai nani. Mimi nami ninalo bati langu. Ile wiki ya mvua, maharage yalipolala, niliteleza jikoni nikakaa pale chini mpaka jioni, natazama moshi ulivyochora juu, naita jina la Domisiana, sijui kama sauti ilitoka. Mimi hakuna aliyenivalisha kamera, kwa hiyo mpaka leo ni kama haikutokea. Nimekuambia wewe tu.

Unauliza uje. Mtu anauliza hivyo kwake?

Najua wewe siku hizi unaamini picha kuliko mkono wa mtu. Mimi kamera sina. Nimemwita Audax na shoka, na Gaudence anakuletea kitu kwenye jani la mgomba. Ni lile kufuli. Lishike mwenyewe, liangalie lilivyovunjika. Utando nimejaribu usikatike, umekatika kidogo. Kitanda nimekianika. Chungu kingine cha dawa nimekifinyanga, nimekichimbia nusu kivulini nyuma ya jiko, mchanga wake umeshaloa.

Njoo na njaa yako. Ukichoma sindano mimi nitakuwa nimeshika sahani.

Na ukifika usipige hodi, utasimama hapo nje bure, maana sitasikia. Sukuma mlango uingie.

Mkeo,
Magdalena